Mtoto Ameshafunga Kadi

Sogea, kaa hapa katikati, upande ule benchi huinama mwenzako akisimama. Haya, tega sikio, na usinikatize, maana mimi nikikatizwa huanza kupamba, na habari hii sitaki kuipamba. Benchi lenyewe unaliona, lilikuwa geti. Mteja aliagiza, akahama mji bila kulichukua, Fundi akalichomelea miguu na kulilaza hapa, kati ya karakana yake na duka ninapofanya kazi, duka la fotokopi, picha za pasipoti na lamineshen. Kila siku saa kumi na moja jioni Mama Birika anatua jiko lake pembeni, anapanga vikombe kwenye sinia, anaweka ndoo ya kusuuzia chini ya benchi, na kikao kinaanza. Redio anashona viatu pale ukutani, na hana swichi ya kuzima. Mahakama alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Amestaafu kazi, hajastaafu kesi, hata ukimwambia mvua imenyesha atakuuliza shahidi ni nani. Fundi Geti unamjua, mikono mikubwa, maneno machache. Mimi wananiita Kopi. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kwa kuwa nashika karatasi za watu kutwa, mtaani nahesabiwa msomi, na sikuwahi kukanusha.

Kuna mtu wa sita wa kijiwe. Bosi. Binti wa Fundi, miaka minne. Kila siku saa kumi na mbili kasorobo alikuwa anakuja akiburuta ndala za mama yake, anasimama mbele ya baba yake, mikono kiunoni, anasema: "Fundi, nyumbani." Hasemi baba, anasema Fundi, kama anavyosikia wateja. Na sisi sote tunasimama wima kama askari mpaka apite. Mahakama na uzee wake anasimama.

Siku ninayoisema, Bosi alikuwa hajatokea kwa siku tatu.

Na ujue ilikuwa wiki ya pili ya dondakoo. Gari la matangazo lilishapita na kipaza sauti chake kibovu, linasema ugonjwa umeingia eneo letu, unakaba koo, unaua watoto, pelekeni watoto wakachanjwe. Jumatano tulikuwa tumemzika mtoto wa fundi cherehani wa kichochoro cha juu. Miaka sita. Jeneza nililishika kona moja, na nakwambia ukilishika jeneza la saizi ile hujui mikono uiweke vipi.

— Bosi wetu leo tena haji? Mama Birika aliuliza, akimpa Fundi kikombe.

— Ana koo, Fundi akasema.

— Koo gani?

— Koo tu, Mama. La kawaida. Sauti imekwaruza, chakula hataki.

Kikombe changu kilisimama njiani. Redio akawahi, maana ukimya hauwezi.

— Barafu, Redio akasema. Hizi barafu za vifuko zinazouzwa mlangoni mwa shule. Koo la mtoto lina joto lake, wewe unalipiga baridi ghafla, linapasuka. Ni kama glasi.

— Ushahidi, Mahakama akasema.

— Ushahidi upi tena, mzee wangu? Mimi mwenyewe nilishapasuka glasi.

— Ulipasuka wewe au glasi?

— Glasi. Nilikuwa nimeishika.

— Basi kaa chini, umeshindwa. Barafu zipo tangu mimi kijana, tumezila mpaka meno yanauma, hatukufa. Mkitaka kujua kilicholeta jambo, tazameni kilichobadilika. Shule imehamishia chekechea upande wa barabarani, kweli si kweli?

— Kweli.

— Sasa watoto wanaimba wakishindana na malori. Moja, mbili, tatu, asubuhi mpaka mchana, kwa nguvu zote. Koo linachubuka. Likichubuka linafanya kidonda. Kidonda kikikaa, ndiyo hiyo wanayoitangaza na gari.

— Kama kelele zinaua, Redio akasema, mimi ningekuwa nimeshakufa.

— Tunasubiri, Mama Birika akajibu.

Fundi akacheka. Lakini alicheka kama mtu anayejaribisha kiatu kisicho saizi yake. Nilimwona. Nilimwona, nikatazama simu.

— Nyie hamsomi mazingira, Redio akaendelea, sasa amepata moto. Lile ghorofa jipya kule mbele, si wanalipaka rangi? Hawapaki kwa brashi siku hizi, wanapuliza kwa mashine. Ule ukungu unapanda juu, jua likiwaka unashuka. Unakuja kukaa chini, kimo hiki hapa. Sisi watu wazima tunapumua juu yake, mtoto yuko ndani yake. Ndiyo maana unashika wafupi.

— Na mimi? Mama Birika akauliza. Mama Birika akisimama anakufika kifuani.

— Wewe una mvuke wa kahawa, Mama. Mvuke unausukuma ukungu.

— Na mkewe fundi cherehani, mfupi kuliko mimi, mbona mzima?

— Ana hasira yule. Hasira nayo ina mvuke wake.

Hapo tukacheka kweli. Ndiyo ubaya wa kijiwe chetu, kitu chochote ukikitia hapa katikati kinaanza kuchekesha. Mama Birika peke yake hakucheka. Alikaa akamgeukia Fundi, magoti yao karibu yagusane.

— Fundi, mmemmulika mtoto koo?

— Mama yake alimmulika jana. Kwa tochi ya simu.

— Akaona nini?

— Anasema kuna kama utando. Mweupe, unaelekea kijivu. Kule nyuma.

— Maziwa hayo, Redio akasema haraka.

— Hajanywa maziwa tangu juzi.

— Basi ni maziwa ya juzi.

Safari hii hakuna aliyecheka, na Redio mwenyewe akainama kutafuta sindano ambayo ilikuwa mkononi mwake.

— Shingo je? Mama Birika akauliza.

— Imejaa kidogo.

— Na mama yake anasemaje?

Fundi alizungusha kikombe. Kwenye ile mikono yake kikombe cha kahawa kinaonekana kama kifuniko cha chupa.

— Anataka tumpeleke hospitali. Nimemwambia tungoje asubuhi. Mama, wewe unajua ilivyo. Ukienda kule wanakutenga. Wanakuja mpaka mlangoni kwako wamejifunika nyuso, mtaa mzima umetoka nje kuangalia. Fundi cherehani tangu azike, cherehani yake haijalia. Watu wanapeleka nguo mpaka sokoni, eti uzi wake una ugonjwa. Mimi nina geti la shule nalimalizia, wakisikia habari hii wataniambia nikae nalo. Halafu mtoto mwenyewe si kama hana kinga. Ana kadi.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya kliniki ya Bosi. Iko ndani ya plastiki, inang'aa, pembe zimekatwa mviringo vizuri. Alikuwa anatembea nayo tangu asubuhi, kama mtu aliyesikia kuna msako wa vitambulisho.

— Bosi ameshafunga kadi, akasema.

Ngoja nikueleze kufunga kadi, maana huwezi kuielewa bila kuwa wa hapa. Miaka mitatu nyuma, mvua zilitupiga vibaya. Mabati yalivuja, maji yaliingia masandukuni, na kadi za watoto zikaloana. Kliniki wakawa wakali: mama anafika na kadi imekuwa uji, nesi anamfokea mbele ya wenzake. Mwezi huohuo tajiri wangu akaleta mashine ya lamineshen, ile ya kufunga karatasi ndani ya plastiki. Mahakama alikaa papa hapa akatangaza kwamba hati isiyolindwa si hati. Wiki mbili nilikuwa sili mchana. Akina mama walipanga foleni mpaka karakana ya Fundi, nami nazipiga pasi kadi moja baada ya nyingine, zinatoka za moto, ngumu, zinameta. Watu walizitundika ukutani karibu na picha za harusi. Na sijui ni nani alianza, ila maneno yakazaliwa. "Umefunga kadi?" Mwanzo ilikuwa na maana ya plastiki tu. Baadaye ikawa na maana kwamba mtoto amemaliza. Jirani anauliza, mwanao vipi na zile sindano? Mama anajibu, ameshafunga kadi. Basi, habari imekwisha, wanahamia kwenye habari nyingine.

Mahakama aliichukua ile kadi kwa Fundi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

— Hii, akasema, ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Hairudiwi. Fundi, mimi nakwambia kwa heshima ya kazi niliyofanya, lala usingizi. Tena tazama kwa akili tu ya kawaida. Maji hayaingii hapa. Vumbi haliingii. Mende haingii. Sasa ugonjwa utapitia wapi?

— Hapo mzee umegonga, Redio akasema.

Nilimwona Fundi mabega yakishuka. Alikuwa amekipata alichokuja kukitafuta. Alikuja kijiweni ili mtu amwambie akae, na watu wawili walikuwa wamemwambia akae. Mama Birika akanigeukia mimi.

— Kopi, wewe umesoma. Unasemaje?

Sasa sikiliza hapa.

Wakati ule wa foleni, mama yake Bosi alikuja akiwa na mtoto wa miezi kumi mgongoni. Anafanya kazi ya kupiga pasi nguo za wageni kwenye nyumba ya kulala wageni, alikuwa ametoka zamu, anasinzia amesimama. Kusoma anasoma, ila kwa kidole, neno moja moja. Wengine wote walitupa kadi mezani wakaanza kupiga soga. Yeye aliiweka, akashusha kidole chake mpaka chini, akasimama kwenye visanduku viwili ambavyo havikuwa na tarehe.

— Mwanangu, na hivi? Mbona viko wazi?

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Foleni ndefu, mashine imeshika moto, wasichana wawili wako nyuma yake wananitazama. Sikujua visanduku vile ni vya nini. Ningesema sijui, basi. Nikasema:

— Hivyo ni vya ziada, mama. Vya watoto wenye matatizo. Wako yuko salama.

— Una uhakika?

— Mama, kadi mia zimepita kwenye mikono hii.

Akanishukuru. Akanibariki. Akaondoka na kadi bado ina moto, anaipuliza.

Katika wote waliopanga foleni, yeye peke yake aliuliza.

Kwa hiyo Mama Birika aliponiuliza nasemaje, nilisema: "Mzee ameshaongea." Hayo tu. Unaweza kunidharau, mimi mwenyewe nilishaanza zamani.

Ndipo akatokea yule dada. Mwembamba, kizibao cha idara ya afya juu ya gauni, viatu vimekuwa rangi ya vumbi, kalamu inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa anatoka kichochoro cha juu.

— Hamjambo. Naomba nikae dakika mbili, miguu imegoma. Na kahawa kama ipo.

Redio akasogea. Mama Birika akashika kikombe, lakini dada alitoa cha kwake kwenye mkoba, cha plastiki, kina mpini uliovunjika.

— Vyetu vina kasoro? Redio akauliza.

— Vinayo, kaka. Vyote vinasuuzwa ndoo moja, na hii ni wiki mbaya ya kunywa kikombe cha mwenzio. Unisamehe, Mama.

Mama Birika alitazama ile ndoo kama vile imeletwa sasa hivi na mtu asiyemjua. Halafu akaisogeza nyuma kwa mguu.

— Dada, Mahakama akasema, pole na kazi, lakini mtaa huu utakuchosha bure. Hapa watoto wote wamefunga kadi.

— Wamefanya nini?

— Wamefunga kadi. Wamemaliza.

— Naweza kuona moja?

Fundi akampa ya Bosi. Aliitoa bila wasiwasi, hata kwa maringo kidogo. Dada aliisoma taratibu, mstari kwa mstari, midomo yake ikihesabu. Akafika chini. Akashika ile kalamu ya shingoni na kujaribu kuandika kwenye kisanduku cha kwanza kilicho wazi. Kalamu ikateleza. Akajaribu tena, ikaacha alama ndogo, akaipitisha kidole gumba, ikafutika.

— Mtoto ana umri gani?

— Miaka minne.

— Na kadi iliwekwa plastiki akiwa na umri gani?

Fundi alinitazama.

— Miezi kumi, nikasema.

— Kisanduku hiki ni cha sindano ya mwaka na nusu, akasema. Hiki ni cha kabla ya kuanza shule. Zile za utotoni nguvu yake hupungua mtoto anavyokua, hizi ndizo zinazoiamsha.

Hakuwa mkali hata kidogo. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia ya kwenda posta:

— Sasa mkishaifunga hivi, nesi angeandika wapi?

Nilimtazama Mahakama. Yeye akamtazama Redio. Redio alikuwa na kiatu cha mtu mkononi, anakiangalia kwa ndani kana kwamba jibu limeandikwa kwenye soli. Mama Birika aliacha birika likachemka mpaka likamwagikia mkaa. Huwezi kuamini, kijiwe kilichokuwa na jibu la barafu, la rangi, la malori, la kila kitu, kilikosa jibu la swali la mtoto wa darasa la kwanza. Kati yetu hakuna mwanamume aliyewahi kumpeleka mwanawe kliniki, au mjukuu. Hatukuwa tunajua hata kwamba nesi bado ana la kuandika.

— Huyu mtoto yuko wapi sasa hivi? dada akauliza.

Fundi alisimama, na benchi likainama na Redio.

— Yuko nyumbani. Ana koo.

Yule dada akauliza vitu vitatu, utando, shingo, sauti, na Fundi akajibu vyote kwa kichwa. Akamwaga kahawa yake chini, alikuwa hajainywa.

— Twende.

— Tulisema asubuhi...

— Kaka, nisikilize vizuri. Ugonjwa huu unatoa sumu. Kuna dawa ya kuizuia ile sumu, hospitali ya wilaya wanayo. Lakini inazuia ile ambayo bado inazunguka. Iliyokwisha kunasa mwilini haiing'oi. Ukingoja asubuhi, utakuwa umeiachia usiku mzima.

Fundi hakukimbia. Nilidhani atakimbia. Alitembea kwa hatua ndefu, dada anamfuata kwa mbio fupifupi, mimi nyuma, na nyuma yangu Mama Birika na aproni yake. Tulipofika, mke wa Fundi alikuwa amekaa kizingitini. Mtoto mapajani, amefungwa kitenge. Mfuko wa nguo pembeni umefungwa fundo. Ulikuwa umefungwa tangu mchana, jirani yake ndiye aliyeniambia baadaye. Alikuwa anamngoja mume wake atoke kijiweni.

Bosi alikuwa anapumua kwa sauti ya msumeno kwenye mbao mbichi. Alimwona baba yake akafungua mdomo. Midomo ilisema "Fundi." Sauti haikuwepo.

Dada akapiga simu, pikipiki mbili zikaja, moja ikambeba mama na mtoto, nyingine Fundi na yeye. Sisi tukabaki tumesimama wima pale barabarani, hata vumbi lilipotulia.

Yaliyofuata nayafupisha. Dawa alipata jioni ileile. Alitengwa, ndiyo, na walikuja wamejifunika nyuso, ndiyo, na mtaa ulitoka nje kuangalia. Sisi wa kijiwe tulisokomezwa vijiti vya pamba kooni mmoja mmoja, tukapewa vidonge, kwa sababu Bosi alizoea kumalizia kikombe cha baba yake, na kikombe cha baba yake ni kikombe cha yeyote. Redio alikohoa kile kijiti akasema anashitaki, Mahakama akamwambia hana kesi. Mama Birika siku hizi anachemsha vikombe kwenye sufuria, na kila mtu ana chake, kimefungwa uzi wa rangi yake.

Mimi nilizunguka na yule dada alasiri nne, nyumba kwa nyumba, maana mimi ndiye ninayejua nilifunga kadi za nani. Alikuja na kadi mpya, tarehe za zamani akazinukuu kutoka rejista ya kliniki. Nilidhani watanifukuza na mafagio. Akina mama hawakubisha, walichukua watoto wakaenda. Waliobisha ni akina baba, na walikuwa wanabisha habari za plastiki, kwamba hiyo kadi mpya ikiloa je. Watoto arobaini na watatu walikuwa na kisanduku wazi. Nilihesabu mwenyewe.

Sasa ndiyo tunafika kwenye jambo lililonifanya nikukalishe hapa.

Jana ilikuwa siku ya tisa. Nilienda hospitali na uji wa Mama Birika kwenye chupa. Bosi yuko hai. Ule utando umebanduka, shingo imerudi, sauti imeanza kutoka, nyembamba kama ya mdudu. Lakini daktari amesema hatujatoka. Sumu ile ina tabia ya kuufikia moyo polepole, hata wiki ya pili, hata ya tatu, mtoto anaonekana mzima huku moyo unayumba. Wanamsikiliza kifua asubuhi na jioni. Hatakiwi kukimbia, hatakiwi kulia sana, hatakiwi kushtuka. Daktari aliwaambia wazazi kwa mkazo, hapa kitandani sitaki kelele, sitaki ugomvi, mkiwa na la kugombana nendeni nalo mbali.

Ugomvi haupo. Kilichopo ni kibaya zaidi. Fundi haongei na mke wake. Anasema "leta kikombe", anasema "daktari amepita?", basi. Nilimkuta nje, kwenye zile ngazi za wodi, amejiinamia.

— Nimemuuliza, akaniambia. Nimemuuliza ilikuwaje sindano mbili zikapita bila yeye kujua. Mimi nachoma vyuma kutwa, kliniki ilikuwa kazi yake. Unajua amenijibu nini, Kopi? Amesema alisahau. Kusahau. Mimi nilijua nimeoa mtu makini.

Nikaihamishia chupa ya uji mkono wa pili.

Nikaingia ndani. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anampepea mtoto kwa kipande cha boksi, polepole. Alinitazama. Hakusahau, nakuapia. Mtu anayesoma kwa kidole hasahau mahali kidole kiliposimama. Mimi nimeshika chupa ya uji kama mwizi wa uji, naye akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto:

— Kopi, mwanangu, umekula?

Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala. Nikatoka, nikapita ngazi zilezile, Fundi bado yupo. Tangu jana sijakaa chini vizuri. Nikimwambia Fundi leo, ana ile mikono, na ana hasira ya siku tisa haijapata pa kwenda, na mtoto yuko mita kumi kutoka pale, moyo wake unasikilizwa asubuhi na jioni. Nikingoja wiki mbili moyo utulie, ni wiki mbili mama wa watu anakaa pembeni ya kitanda kile akiitwa msahaulifu kwa jambo ambalo ni yeye peke yake aliyelikumbuka. Na nikingoja, najijua, kuna siku nitazoea.

Wewe umenisikiliza tangu mwanzo bila kunikatiza. Uji wa leo uko tayari pale kwa Mama Birika, na ni zamu yangu kuupeleka. Ungekuwa wewe, ukifika kwenye zile ngazi, ungesimama au ungepita?